Nafasi ya Mama Mkwe Katika Kayaki

Mtu aliyezaliwa Umatengo, akalelewa kwenye miteremko ambako hata kuku hutembea kwa kuegemea upande mmoja, hana sababu ya msingi ya kununua kayaki. Nalikiri hilo mapema ili msomaji asinisumbue nalo baadaye. Sisi ni watu wa kahawa na mahindi, watu wa kuchimba ngolo, yale mashimo ya kulimia, kwenye kilima ili udongo usituponyoke na kuteremka bila sisi. Ziwa Nyasa tulikuwa tukiliona kutoka juu, siku ambazo ukungu umeondoka, na wazee wetu waliliheshimu kwa kukaa mbali nalo. Mimi nililikaribia kwa njia ya ndoa.

Mke wangu ni Mnyasa wa ufukweni kabisa. Tulikutana Dar es Salaam tulikokuwa tukisoma chuo kikuu, ambako sote wawili tulijulikana kama watu wa Songea, kwa kuwa wenzetu hawakuona haja ya kutafuta mbele ya hapo. Leo tunaishi Mbinga mjini, ninakofundisha historia sekondari, na kila likizo tunateremka kwao, kijiji kidogo kilicho mwendo mfupi kutoka Mbamba Bay. Huko, kwa miaka mingi, kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti. Kiti cha mkwe ni cha heshima, na mateso yake yote yamo ndani ya heshima hiyo. Wanaume wenzangu walikuwa wakiingia ziwani, wakitoka, wakitandaza dagaa, wakigombana kuhusu nyavu; mimi nililetewa chai. Nilipoomba kuupanda mtumbwi, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliniruhusu kwa ukarimu wa mtu anayejua kitakachotokea. Mitumbwi ya kwao huchongwa kwa gogo moja na mdomo wake ni mwembamba. Mtu haketi ndani, huketi juu ya kingo, miguu ikining'inia au ikijikunja ndani kwa namna ambayo mifupa yangu haikufundishwa utotoni. Nilianguka kushoto, kisha nikaanguka kulia. Shemeji alisema mtumbwi ule una tatizo na watu wenye shahada.

Ndipo nilipoanza kufikiria kayaki.

Nilisoma sana. Kwa mwalimu, kusoma ni njia ya heshima ya kuahirisha jambo. Nilijifunza kwamba kuna kayaki ya kukaa ndani, ambayo mtu huivaa kiunoni kama suruali, na kuna ya kukaa juu, ambayo hutandazwa chini yake kama mkeka mgumu. Ile ndefu na nyembamba hukata maji vizuri, lakini humdai mpandaji utulivu wa nafsi; ile pana huenda polepole na husamehe makosa. Kuna ya kujaza upepo, inayokunjwa na kuwekwa kabatini. Hiyo mke wangu aliipinga, akasema kwamba katika nyumba yetu hakuna kitu cha upepo kilichowahi kumaliza mwezi. Kuna ya mtu mmoja, ambayo mvuvi huipenda kwa sababu hasemeshwi, na kuna ya familia. Nilipima kila jambo: mawimbi, uzito, paa la gari, mahali pa kusimamisha fimbo za kuvulia, mahali pa kuweka samaki, na hata, kwa matumaini makubwa, mahali pa kuweka samaki wa ziada. Mwishoni nilichagua kayaki pana ya plastiki ngumu, ya kukaa juu, yenye viti viwili vya kuegemea, mbele na nyuma, na kiti kidogo cha mtoto katikati. Niliona katika mawazo yangu mke wangu mbele, mimi nyuma, na binti yetu kati yetu, tukiteleza juu ya maji kama familia ya kwenye kalenda. Swali moja tu halikunijia: nani, kwa mujibu wa mila, anaweza kukaa na nani.

Kayaki iliagizwa kutoka Dar na ikasafiri na lori la mizigo, ambalo dereva wake aliamua kwamba safari yake inaishia Kitai, njiani kabla ya kufika Mbinga. Nilipofika kuichukua kwa gari la kuazima, nilikuta watu wameizunguka na mjadala umekomaa. Wengine walisema ni hori la nguruwe, la kisasa. Mama mmoja wa magimbi alishikilia kwamba ni chombo cha kuvundikia kahawa baada ya kumenywa, na alitaka kujua kama kinauzwa peke yake au pamoja na mashine. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri basi alisema kwa upole kwamba marehemu lazima alikuwa mtu mrefu.

Nyumbani, jirani yangu aliikagua na kugundua kwamba ina matundu sakafuni. Nilimweleza kuwa matundu hayo yametengenezwa makusudi, ili maji yanayoingia kwa juu yatoke kwa chini. Alinisikiliza hadi mwisho, akanitazama kwa huruma, kisha akarudi jioni na kipande cha mshumaa akiniomba ruhusa ya kuyaziba kabla mtoto hajaingia. Jumapili yake tulifanya mazoezi kwenye majani mbele ya nyumba, sote watatu tukiwa vitini, makafi mikononi, tukipiga hewa kwa zamu. Watu waliokuwa wakitoka misani walisimama barabarani kutusalimu. Mmoja aliuliza tunakwenda wapi. Mke wangu alimjibu bila kuacha kupiga kafi kwamba tunakwenda Malawi.

Tulipoishusha ziwani, shemeji aliitazama kwa muda mrefu, akaipa jina la bafu. Tangu siku hiyo haikuitwa kwa jina lingine ufukweni. Asubuhi niliyokwenda nayo kuvua kwa mara ya kwanza, fimbo zangu mbili zimesimama nyuma yangu kama antena, alipita na mtumbwi wake uliojaa nyavu akaniuliza, kwa sauti ya kusikika na wavuvi wote, "Shemeji, maji ya moto yameshakuja huko bafuni?" Nilimjibu kwamba nasubiri sabuni. Nilipata magege wawili wadogo, nikawa na fahari isiyolingana nao. Asubuhi nyingine mbasa mkubwa alinasa kwenye ndoana yangu, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulisoma popote: kayaki haina mizizi. Samaki alivuta, nami nikaenda. Aligeuka kusini, nikageuka kusini. Alipochoka tulikuwa mbali sana na mahali nilipoanzia, na shemeji alikitangazia kijiji kizima kwamba mbasa amevua mwalimu, akamtazama, akamwonea huruma, akamrudisha. Lakini mbasa huyo aliliwa, na tangu siku hiyo sikuletewa chai kwenye kiti.

Safari ya familia ilikwenda vibaya. Mke wangu aliketi mbele, kama katika mawazo yangu, na hatukuwa tumeipita mitumbwi iliyofungwa alipoanza kutapika. Alitapika kwa nidhamu, upande usio na upepo, kisha akaniomba nimrudishe. Ufukweni niliona kwa mbali mama yake akicheka hadi akalazimika kukaa mchangani. Ndipo siri ya ukoo iliponifikia: binti huyu wa mvuvi hakuweza kukaa juu ya maji tangu alipozaliwa. Utotoni alitapika hata kwenye mtumbwi uliofungwa mtini. Marehemu baba yake alikuwa akisema huyu itabidi aolewe mlimani.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia wakati nachagua.

"Ulikuwa umefurahi sana na vile viti," alisema.

Hapa lazima nimtambulishe vizuri mama yake, maana kuanzia sasa habari hii ni yake. Mama mkwe wangu ni mjane, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana na magoti yaliyokwisha. Tangu nilipomwoa binti yake hatujawahi kuzungumza. Si kwa ugomvi. Ni kwa heshima. Kwao, na hata kwetu mlimani kwa watu wa zamani, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Akija njia hii, mimi hupita ile. Nikiingia uani, yeye huingia jikoni. Namwamkia shikamoo nikiwa nimechuchumaa kwa mbali, naye huipokea akitazama pembeni. Neno lolote zaidi ya hapo hupitia kwa mtu wa kati, mara nyingi mke wangu, siku hizi hata binti yetu. Vijana wengi wameshaiacha desturi hiyo. Sisi tuliendelea nayo, na sikuwahi kuiona nzito. Kuna watu wengi duniani ambao ningependa kuwasiliana nao kwa utaratibu huo.

Siku moja, nikiwa nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa, nilimwona akiisogelea kayaki iliyokuwa mchangani. Kwa adabu nilipaswa kuondoka, lakini kuondoka kungemwonyesha kwamba nilikuwepo, kwa hiyo nikabaki. Aliizunguka. Aliigonga kwa kidole. Kisha akageuka, akaketi polepole kwenye kiti cha mbele, akavuta ndani mguu mmoja kwa mikono yake, halafu wa pili, akainyoosha yote miwili, akaegemea. Akakaa hivyo akitazama ziwa kwa muda ambao ulinifanya niumwe mgongo pale nilipoinama.

Jioni ile mke wangu aliniletea maneno. Mama anataka kwenda kwa Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada yake wa kuzaliwa naye, anayeishi kwenye ghuba ndogo nyuma ya rasi ya mawe inayoonekana kaskazini mwa kijiji. Gari haifiki huko. Kuna njia ya miguu inayopanda jabali na kushuka upande wa pili. Magoti ya mama mkwe yalikwisha kuikataa miaka kadhaa iliyopita. Kwenye mtumbwi magoti hayo hayo hayakunjiki. Boti kubwa za mbao zina ubavu mrefu, na mara ya mwisho alipojaribu kupanda moja, shemeji, mwanawe mpenzi, alimnyanyua begani mbele ya ufuko mzima. Mama alishuka upande uleule aliopandia, akaapa kwamba hataingia tena katika chombo chochote ambacho mtoto huyo ameshika kafi, kwa kuwa yeye si kiroba cha muhogo. Dada mtu naye hakuweza kuja, kwa sababu macho yalikuwa yakimwishia. Wakizungumza kwa simu, dada alikuwa akisema neno moja kila mara, kwamba bado anaona vivuli na sura za watu wakimkaribia sana, lakini hajui ni kwa muda gani. Mama mkwe alitaka kuonwa na dada yake wakati dada yake bado ana macho ya kumwona. Hilo ndilo lililokuwa limemkalisha pale mchangani.

"Nani atampeleka?" niliuliza.

Mke wangu alinitazama tu, yeye mtu anayetapika hata kwenye mtumbwi uliofungwa.

Shauri lilichukua siku mbili na lilinifikia vipande vipande. Shemeji, ambaye kwa utani wetu angefurahi kuniona nikifedheheka, alishangaza kila mtu kwa kunitetea kisheria: alisema mtoto akikaa katikati ni ukuta, na watu wawili wenye ukuta kati yao hawako pamoja. Wazee wachache walikubali. Mama mkwe mwenyewe aliongeza kwamba kiti cha mbele kinatazama mbele, kwa hiyo yeye hataniona. Nilimtuma mke wangu akaulize mimi nitazame wapi, maana nitakuwa nyuma, na mbele yangu hakuna kitu kingine isipokuwa mgongo wa mkwe. Jibu lilirudi haraka: nitazame samaki.

Tuliondoka asubuhi, likizo ile fupi ya baada ya kahawa kwisha, ziwa likiwa limelala. Kayaki iliwekwa kwenye maji ya kufika kifundoni. Mama mkwe akaketi kwa ubavu, akazungusha miguu, akawa ndani bila kuguswa na mtu. Jaketi okozi alilivaa juu ya khanga na kulipigapiga kama anayejaribu gauni. Binti yetu, aliyekuwa darasa la tatu na aliyejua ukubwa wa cheo chake, aliketi katikati. Mimi nilisukuma, nikapanda nyuma, nikatazama samaki.

Mwanzoni mawasiliano yalikwenda vizuri kupita kiasi.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako apige polepole, hatufukuzwi."

"Baba, Bibi anasema unapiga maji kama unaua nyoka."

"Sikusema hivyo," Bibi alisema.

"Ulisema jana kwa Mama."

Nilimtuma amwambie Bibi kwamba nimesikia. Alimwambia kwamba Baba ameomba msamaha. Bibi alimtuma aulize kama Baba amechoka. Niliulizwa kama Baba anaogopa. Nimefundisha miaka mingi jinsi habari zinavyobadilika zikipita mikononi mwa wajumbe, lakini sikuwahi kuwa mfalme wa mbali nikisubiri mjumbe ambaye mgongo wake unagusa magoti yangu.

Kisha mjumbe akalala. Alikuwa ameamka mapema kwa furaha, jua likawa la upole, na kayaki ilikuwa ikimbembeleza. Kichwa chake kikaanguka kwenye jaketi, mdomo wazi. Ukuta ulibaki, lakini ukuta usiosema. Tuliendelea kimya, mama mkwe akiwa na kafi lake fupi la mtumbwi alilokataa kuliacha, akipiga upande mmoja, nami nikipiga pande zote mbili kurekebisha alichokiharibu. Yeye alitaka tupite karibu na mawe, kama mitumbwi inavyopita; mimi nilitaka tupite mbali, kama nilivyosoma. Tulikuwa tukibishana kwa makafi bila kutamka neno, na kayaki ilikwenda ikiyumba kama mlevi mwenye adabu.

Tulipokuwa tukiikaribia ncha ya rasi, upepo wa kusini, ambao huko huuita mwera, ulianza kutusukuma mgongoni. Simu yangu ilikuwa imesema asubuhi kwamba hautakuja. Mawimbi yalianza kuinuka, mafupi na ya haraka, na mbele yetu maji yalibadilika rangi. Mimi niliona rangi tu. Mama mkwe alijua ni nini.

"Mjukuu wangu uliyelala," alisema, bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida, "mwambie baba yako kuna mwamba mbele, chini ya maji."

Nikasema, nikimtazama mtoto, "Mwanangu, mwambie Bibi sijauona. Uko wapi?"

"Mjukuu, mwambie uko kulia."

"Muulize, kulia kwake au kulia kwangu?"

Wimbi lilitunyanyua.

"Mkwe," alisema, "sote tumetazama mbele. Kulia ni kulia. Rudi kushoto. Piga kwa nguvu. Usitazame samaki."

Nilipiga. Naye alipiga, upande uleule, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke tulikuwa tukiamini jambo moja. Mwamba ulipita karibu yetu, mweusi, maji yakitoa mapovu juu yake, kisha ukabaki nyuma, na rasi ikakata upepo kwa ghafla kama mlango uliofungwa. Upande ule maji yalikuwa tulivu. Tuliacha kupiga. Nilikuwa nikihema. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa akingoja mwenzake arudi kusema kupitia kwa mtoto.

"Hilo kafi umelishika vibaya tangu asubuhi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mgongo wako unaulaza. Mtu hapigi maji amelala."

"Ndiyo, mama."

Nilifikiri yameisha. Kisha akauliza, kwa namna ya mtu ambaye swali limemkaa siku nyingi, "Hivi kwa nini hutumii pilipili?"

Nilisema natumia.

"Hutumii. Tangu umwoe nimekuwa napika samaki wa baridi katika nyumba yangu, na watu wote wanakula hivyo kwa ajili yako. Mkeo alisema pilipili inakuumiza tumbo."

"Mama, asiyetumia pilipili ni yeye."

Bega moja lilitikisika. Nikapata ujasiri ambao labda ulitokana na mwamba. Nilimweleza kwamba mimi nami niliambiwa na mke wangu kwamba mama yake hapendi nije na nyama ya nguruwe kutoka Mbinga, kwamba harufu yake inamkera, na kwa miaka yote nimekuwa nikimletea kabichi.

"Nani hapendi nguruwe?"

"Wewe, mama. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Hizo kabichi," alisema polepole, "nilidhani ni tabia yenu watu wa milimani. Nikasema labda ni maskini, tusiwaaibishe."

Akaanza kucheka. Mama mkwe wangu akicheka, hucheka na mabega yote, na kayaki pana yenye kusamehe makosa ilitikisika hadi maji yakapanda kupitia yale matundu ya sakafuni na kumlowesha mtoto miguu. Binti yetu alifumbua macho. Alimtazama bibi yake, akageuka kunitazama mimi.

"Mnaongea?" aliuliza.

"Hatuongei," Bibi alisema.

"Hatuongei," nilisema.

Alitufikiria kidogo, halafu akamwambia Bibi kwamba Baba anasema hamuongei.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama mchangani, ameshikwa mkono na jirani aliyetuona tukiizunguka rasi. Alikuwa mdogo wa umbo, mkavu, na alitazama mahali ambapo sisi hatukuwepo. Tulipogusa ufuko, mama mkwe alitoka kama alivyoingia, akashika ubavu wa kayaki hadi miguu ilipokubali, akatembea. Nilipanda upande wa juu wa ufuko na kugeuza uso, kama inavyonipasa, lakini siwezi kudai kwamba niligeuza wote.

Dada mtu alimshika uso kwa mikono miwili na kuugeuzia kwenye jua. Alimsogelea hadi vipaji vya nyuso vikakaribia kugusana. Alitazama jicho moja, akahamia la pili, akashuka mdomoni, akarudi juu, kama mtu anayesoma maandishi madogo na hataki kuruka mstari. Mama mkwe, ambaye hakuwa akitulia popote, alitulia. Hata binti yetu, ambaye hakuwa na ujumbe wa mtu yeyote, alinyamaza.

"Umezeeka vibaya," Mama Mkubwa alisema mwishowe.

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Umefanana na mama."

"Basi nimezeeka vizuri," mama mkwe alisema, na ndipo wote wawili walipoanza kulia, na mimi nikageuza uso uliobaki.

Jioni ile, kwa Mama Mkubwa tulikolala, nililetewa samaki wenye pilipili ambayo ilinitoa machozi, na nikaambiwa kupitia kwa mtoto kwamba kama ni nyingi niseme. Sikusema. Nje ya maji desturi ilikuwa imerudi mahali pake, imara. Mama mkwe alipita upande wake na mimi upande wangu, na kama si ule mdomo uliokuwa ukiniwaka ningesema kwamba kule nyuma ya rasi hakuna kilichotokea. Walilala wakizungumza. Mimi nililala nikiwasikia kupitia ukutani bila kuelewa Kinyasa chao cha haraka, isipokuwa neno moja lililorudiwa mara nyingi pamoja na kicheko, nalo lilikuwa kabichi.

Asubuhi nilishuka ufukweni kuandaa safari ya kurudi, nikakuta hakuna nafasi. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele. Kwenye kiti cha nyuma, kiti changu, alikaa Mama Mkubwa, kafi langu refu lenye bapa mbili limelazwa mapajani, akilipapasa kuelewa mwisho wake uko wapi. Binti yetu alikuwa amesimama kwenye maji akiwa na ujumbe.

"Bibi anasema Mama Mkubwa naye hajatoka hapa miaka mingi. Wanakwenda nyumbani."

Nilimwambia amwambie Bibi kwamba Mama Mkubwa haoni.

"Bibi anasema yeye anaona. Mama Mkubwa ana mikono."

Nilisema kuna upepo. Nilijibiwa kwamba upepo huja watu wakishakunywa chai, na wao hawajanywa. Nilisema kuna mwamba. Nilijibiwa kwamba mwamba ulikuwepo wakati wao ni wasichana na hawakuwahi kumhitaji mwalimu. Nilipouliza sisi wawili tutarudi vipi, mama mkwe hakumtumia mtoto. Alinyanyua tu kafi lake fupi na kulielekeza kwenye jabali lililo juu yetu, na binti yangu, kwa uaminifu usio wa kawaida yake, akatafsiri.

"Bibi anasema wewe ni mtu wa milimani. Upite juu."

Nilifanya kilichobaki kufanywa. Nilimvalisha Mama Mkubwa jaketi okozi, jambo alilolikataa hadi dada yake alipomwambia kwamba linatia joto. Nikasukuma. Walianza kwa kuzunguka mahali pamoja, mara moja na nusu, wakitukanana kwa upendo. Kisha yule wa nyuma akapata mdundo, yule wa mbele akaacha kuharibu, na kayaki ikanyooka.

Njia ya jabali ni mbaya, lakini ni njia ya aina ninayoijua. Miguu yangu ilijua mahali pa kuegemea bila kuniuliza. Binti yangu alipanda mbele yangu kama mbuzi, akiuliza kila baada ya kona kama wameshazama. Tulipofika juu kabisa tulisimama. Ziwa lilikuwa limetandazwa chini yetu lote, nami nililiangalia kwa namna nilivyoliangalia utotoni, kutoka juu, isipokuwa safari hii nilikuwa na watu wangu ndani yake. Kayaki ilikuwa imekwisha kuizunguka rasi na kuuacha mwamba. Haikuwa ikienda. Makafi yalikuwa yamelazwa. Mama Mkubwa alikuwa ameinamia mbele hadi kifua chake kikagusa kile kiti kitupu cha mtoto, na mama mkwe amelaza kichwa nyuma kadiri shingo ilivyomruhusu, ili asikie.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mke wangu, akisubiri ufukweni.

"Mko wapi?"

"Tuko juu ya jabali, mimi na mtoto."

"Na mama?"

"Yuko majini."

"Na nani?"

Nilimwambia. Akauliza kama wanakuja au wanaelea. Nilitazama tena, nikajaribu kumjibu kwa uaminifu, nikasema kwamba kwa sasa wanaongea. Alitaka nipige kelele, niwaite, nifanye chochote. Upepo haukuwa umeamka; maji yalikuwa tambarare mpaka Malawi. Nilimwambia awake moto, aweke maji ya chai, halafu nikakaa kwenye jiwe, binti yangu akakaa ubavuni mwangu, tukawangoja wamalize.